Kinachobaki Sura Inapobadilika

Simu iliyoshikwa wima ikilazwa ubavu, ukurasa uliokuwa ukisomwa husita kitambo, kisha hujipanga upya. Safu moja huwa mbili, menyu iliyojificha nyuma ya vistari vitatu hujitandaza juu ya kioo, na picha iliyobanwa hupata upana wake. Tendo hili hutokea mara nyingi mno, kwenye daladala na kwenye foleni za benki, hata hakuna anayelitupia jicho. Lakini katika kusita kule kuna jambo la kustaajabisha: maneno ni yale yale, mpangilio si ule, na msomaji hapotezi aya aliyokuwa akiisoma. Kuna mtu aliyeamua mapema kwamba safu ni kitu kinachoweza kuondoka na aya ni kitu kisichoweza. Programu za wavuti huupeleka uamuzi huo mbali zaidi. Humo ukurasa mmoja wa akaunti huweza kumtokea mteja kwa sura moja, ukamtokea karani wa dawati la huduma kwa sura nyingine, na ukatoka kwa sura ya tatu unapopelekwa kwenye karatasi ya kuchapa. Kiolezo, yaani faili la mpangilio, huchaguliwa papo hapo, ombi linapofika, kama kwamba ukurasa hauna uso wake mpaka ajulikane anayeutazama.

Ni rahisi kulichukulia jambo hili kuwa la mapambo, kazi ya mafundi wanaopaka rangi baada ya wengine kumaliza kujenga. Wahenga wenyewe wanaonekana kuunga mkono dharau hiyo: nyumba njema si mlango, na uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hata hivyo methali hizi hazisemi kwamba sura haina kazi. Zinasema kwamba sura haitoshi kuwa ushahidi, na aliyezitunga alitaka tufungue tuingie ndani. Kubadili kiolezo ni njia mojawapo ya kufungua. Ukurasa uliovuliwa mpangilio mmoja na kuvishwa mwingine hulazimika kuonyesha kilicho ndani yake, na hapo hubainika kama mjenzi alikijua alichokuwa akikijenga. Ukurasa huweza kubadili sura bila kupoteza maana pale tu ambapo kila sehemu yake ilitajwa kwa kazi yake kabla ya kupewa mahali pake. Na ikiwa maana imo katika kile kinachobaki, basi kile kinachobadilika kinamhusu msomaji kuliko kinavyomhusu mwenye tovuti. Sehemu ya kwanza ya hoja hii ni ya ufundi, ya pili ni ya haki, lakini mzizi wake ni mmoja.

Historia ya wavuti yenyewe ni ushahidi wa kwanza. Lugha ya HTML ilipozaliwa katika maabara ya CERN mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilikuwa na maneno machache ya kutaja vitu: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hii ni orodha, hiki ni kiungo. Haikuwa na mengi ya kusema kuhusu mahali pa kuviweka. Wavuti ulipoingia sokoni, wasanifu waliotoka kwenye magazeti na matangazo walitaka safu, pambizo na mahali maalumu pa nembo, na kwa kukosa zana walikamata iliyokuwa karibu. Jedwali, lililokusudiwa kupanga takwimu, likawa kiunzi cha ukurasa mzima: menyu kisanduku cha kushoto, habari kisanduku cha kati, tangazo kisanduku cha kulia, na majedwali ndani ya majedwali. Pengo lilipohitajika, walichomeka picha angavu ya nukta moja na kuivuta mpaka upana uliotakiwa. Kurasa hizo zilipendeza, na nyingine zilikuwa kazi za mikono hodari. Lakini ndani yake hapakuwa na chochote kilichosema menyu ni menyu. Palikuwa na kisanduku cha kwanza cha mstari wa pili tu. Aliyetaka kuihamisha menyu kutoka kushoto kwenda juu hakuwa na pa kuishika. Ilimbidi auvunje ukurasa na kuujenga upya, kisha arudie hivyo kwa kila ukurasa wa tovuti. Kitu kilichotajwa kwa mahali pake hakiwezi kuondoka hapo, kwa kuwa kikiondoka hakina jina tena.

Dawa ilikuwa imekwisha kupendekezwa. Tarehe 10 Oktoba 1994 Håkon Wium Lie, Mnorwe aliyekuwa akifanya kazi CERN, alitoa pendekezo la faili za mitindo, yaani maelezo ya sura yanayokaa nje ya maandishi yenyewe. Bert Bos wa Uholanzi akaungana naye, na Desemba 1996 toleo la kwanza la lugha hiyo ya mitindo, CSS, likawa kanuni rasmi. Vivinjari vilichukua miaka kuitii ipasavyo, na wengi waliiona kuwa zana ya rangi na ukubwa wa herufi tu. Mei 2003 Dave Shea wa Kanada aliweka mtandaoni CSS Zen Garden: ukurasa mmoja wa HTML ambao hakuna aliyeruhusiwa kuugusa, pamoja na mwaliko kwa wasanifu wa dunia watume faili za mitindo tu. Zilikuja sura zaidi ya 200. Moja ilikuwa na safu tatu, nyingine ilisomwa kwa kusogea upande, nyingine ilifanana na bango la sinema ya zamani, na chini ya zote maandishi hayakuongezwa hata nukta. Kilichowezesha wingi huo kilikuwa kazi ya kuchosha ya mtu mmoja aliyeketi kabla ya wote na kuamua kwamba sehemu hii ni utangulizi, hii ni maelezo ya kushiriki, hii ni masharti, akazipa majina kwa kazi zake. Uhuru wa wasanifu wote waliofuata ulitoka katika nidhamu yake.

Kwenye programu za wavuti nidhamu hiyo hiyo iko upande wa seva. Mpangilio huandikwa mara moja kama faili lenye kichwa, kijachini na uwazi katikati, na kila ukurasa hujaza uwazi ule. Ruby on Rails, iliyotolewa 2004, na Django, iliyotoka 2005, zote zilijengwa juu ya wazo hilo, na zote huruhusu jina la mpangilio liwe jibu la swali linaloulizwa wakati wa ombi: anayeomba ni nani, ametoka taasisi gani, anatumia chombo gani? Hapo mfumo mmoja huhudumia vyuo kumi vyenye nembo na mipangilio kumi, na maelezo ya kozi hayaandikwi mara kumi. ASP.NET, katika toleo lililoleta kurasa-mama, yaani faili zake za mpangilio, mwaka 2005, iliweka sharti linalostahili kutafakariwa: kurasa-mama huweza kubadilishwa kwa msimbo, lakini mwisho ni hatua ya awali kabisa ya uhai wa ukurasa, kabla vidhibiti vyake havijaundwa. Atakayejaribu baada ya hapo atapewa kosa, na programu itagoma. Sababu ni kwamba katika mfumo huo kurasa-mama huchanganyika na ukurasa na kuwa mti mmoja. Matawi yakishaungana, kumwondoa mama ni kuung’oa mti. Sharti hilo linasema wazi jambo ambalo kwingineko hufichika. Kuchagua sura kuna wakati wake, na wakati huo ni kabla yaliyomo hayajaanza kuitegemea.

Anayeukosa wakati huo huonja matokeo yake ndani ya kivinjari. Programu nyingi za leo hubadili mpangilio bila kupakia upya ukurasa, na maktaba kama React, iliyotolewa kwa umma na Facebook mwaka 2013, zimelifanya jambo hilo kuwa jepesi. Tuseme mtu anajaza fomu ya maombi ya mkopo. Amefika kipengele cha tisa, kisha anaigeuza simu, au anabonyeza kitufe cha mwonekano mpana. Mpangilio mmoja unaondoka na mwingine unaingia, na fomu inarudi tupu. Hakuna kilichoharibika kwa maana ya kawaida ya ufundi. React hufuata kanuni yake: sehemu ya aina moja ikiondolewa na ya aina nyingine ikawekwa mahali pale pale, kila kilichokuwa chini yake hubomolewa pamoja na kumbukumbu yake. Majibu tisa yalikuwa yamehifadhiwa ndani ya vazi, na vazi lilipovuliwa yakaenda nalo. Suluhisho ni kuyahifadhi majibu juu ya mpangilio, mahali ambapo mabadiliko ya sura hayayafikii. Ukitazama vema ni lile lile kosa la majedwali katika nguo mpya: zamani maana ilifungwa kwenye kisanduku, sasa kumbukumbu imefungwa kwenye kiolezo. Zana zimebadilika mara nyingi kati ya 1996 na leo, na somo halijabadilika, kwa sababu somo lenyewe linahusu namna ya kufikiri.

Waandishi wa Kiswahili waliifahamu namna hiyo ya kufikiri kabla ya kioo chochote. Hati za kale za tenzi, kama ile ya Utendi wa Tambuka yenye tarehe inayolingana na mwaka 1728, ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, na mara nyingi vipande vinne vya ubeti vilipangwa katika mstari mmoja au miwili, vikitengwa kwa alama. Tenzi hizo zilipokuja kuchapwa kwa herufi za Kilatini, upande wa kuanzia ulipinduka, na ubeti ukasimama kama ngazi ya mistari minne. Ni mabadiliko ya mpangilio makubwa kuliko yoyote yanayofanywa na kiolezo cha wavuti. Utenzi ulibaki utenzi, kwa kuwa mfumo wake haukukaa kwenye karatasi. Mizani minane humwambia msikilizaji kipande kinapokwisha. Vina vya vipande vitatu vya kwanza huvifunga pamoja. Kipande cha nne hubeba kina kinachorudi tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Hata maneno hayo yakimwagwa bila mistari wala alama, mwenye sikio atayakata mahali panapostahili. Mtunzi aliweka mpaka wa kila sehemu ndani ya sehemu yenyewe, na kwa kufanya hivyo aliuruhusu utungo wake uhame kutoka mdomoni kwenda kwenye hati, kutoka hati kwenda kitabuni, na sasa kutoka kitabuni kwenda kwenye skrini.

Hapa mpinzani wa kweli husimama, naye anastahili kusikilizwa kwa makini. Atasema kwamba mfano huo umechaguliwa kwa hila, kwa sababu yako maandishi ambayo mpangilio wake ndio maana yake. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 na kuushughulisha ulimwengu wa ushairi wa Kiswahili na shairi huru, mstari uliachishwa kuhesabiwa kwa mizani. Unakatika pale mshairi alipoukata, na mkato ule ni sehemu ya kauli. Ukingo wa simu ukiukata mahali pengine, shairi limeandikwa upya na mtu asiye mshairi. Mfano wa pili una uzito zaidi. Msahafu wa Madina, ulioandikwa kwa mkono wa khatati Uthman Taha, una kurasa 604, karibu zote zenye mistari 15, na kila ukurasa humalizika mwishoni mwa aya. Mwenye kuhifadhi huikumbuka aya pamoja na mahali pake: juu kulia, katikati, mstari wa mwisho. Kuuyeyusha ukurasa ule ili ujae upana wa kioo ni kumnyang’anya sehemu ya hifadhi yake. Ndiyo maana programu za simu zinazomjali msomaji wa namna hiyo huzilinda kurasa zile 604 kama zilivyo. Ikiwa sura ni maana, mpinzani atauliza, utenganisho huu unaosifiwa una thamani gani?

Jibu ni kwamba mifano hii miwili inaithibitisha kanuni kwa kuikaza. Haikusemwa kwamba kila kinachoonekana ni vazi. Ilisemwa kwamba mjenzi lazima ajue kipi ni vazi na kipi si vazi, na kwamba hawezi kujua bila kuuliza kila kitu kazi yake. Katika shairi huru, mkato wa mstari una kazi ya kusema, kwa hiyo ni sehemu ya yaliyomo. HTML ililijua hilo: alama ya kukata mstari ni ya lugha ya maandishi yenyewe, haimo katika faili la mitindo, na maelezo ya kanuni yake yanataja mashairi na anwani za posta kuwa ndiyo matumizi yake halali. Aliyeutaja mkato kwa jina hilo ataupata kwenye kila kiolezo, na mstari mrefu ukizidi upana wa simu, mabaki yake yatasogezwa ndani kidogo ili msomaji asidhani ni mstari mpya. Katika msahafu, mgawanyo wa kurasa na mistari unatajwa kuwa ni data, na kiolezo kinapewa kazi ndogo zaidi, kama rangi ya usuli na mahali pa vitufe. Mpaka kati ya sura na maana unasogea kutoka andiko hadi andiko. Lakini upo kila mara, na anayekataa kuuchora atachorewa na kivinjari, ambacho hakijui ushairi wala hifadhi.

Mahali pamoja ambapo mpaka huo huvukwa bila mwenyewe kutambua ni mfuatano. Zana za leo, hasa gridi ya CSS iliyoenea vivinjarini mwaka 2017, zinamwezesha msanifu kukiweka kitu cha mwisho juu na cha kwanza chini bila kuyagusa maandishi. Kwa jicho, kazi imekwisha. Kwa msomaji asiyeona, anayetumia programu ya kusoma skrini kwa sauti, na kwa yule anayesogea kwa kitufe cha kibodi kutoka kiungo hadi kiungo, mpangilio wa macho haupo. Wao hufuata utaratibu wa maandishi. Kiolezo kikiweka kitufe cha kulipa kabla ya jumla ya malipo machoni, na maandishi yakasema kinyume, watu wawili wamepewa kurasa mbili huku mwenye tovuti akiamini ametoa moja. Mfuatano wa hoja, wa maagizo, wa bei na kiasi, ni kauli, na kauli haikai kwenye kiolezo. Kwa hiyo kipimo kigumu zaidi cha kiolezo kinachobadilishwa ni kukisikiliza: maandishi yasomwe kwa sauti kutoka juu hadi chini, na yaeleweke hata kama hakuna kiolezo chochote kilichochaguliwa.

Tukishakubaliana juu ya kinachobaki, linakuja swali la nani anachagua kinachobadilika. Afrika Mashariki ililijibu swali hili kwa vitendo kabla ya wengi kuliuliza. Kwa miaka mingi wasomaji wa Kenya, Tanzania na Uganda waliingia mtandaoni kwa simu ndogo na kivinjari cha Opera Mini, ambacho hakikuipakua tovuti moja kwa moja. Ombi lilikwenda kwenye seva za Opera, ukurasa ukabanwa na kupunguzwa huko, na kilichofika mkononi kilikuwa chepesi kiasi cha kutomaliza bando. Kiolezo alichokipanga msanifu kilikutana njiani na mkono mwingine, uliomtumikia msomaji. Kurasa zilizotaja vitu vyake vizuri zilifika salama, kichwa cha habari juu ya aya zake. Zile zilizotegemea kujijenga kwa JavaScript ndani ya kivinjari mara nyingi zilifika nusu, au hazikufika. Kwa upande mwingine, tovuti nyingi ziliwatengenezea watu wa simu ukurasa wa pembeni, zikaupunguzia maelezo kwa kudhani kwamba mwenye simu ana haraka. Kwa nchi ambayo wengi wake hawana kioo kingine, uamuzi huo ulimaanisha kuwapa raia wengi habari pungufu kwa jina la mpangilio. Ethan Marcotte alipoandika Mei 2010 juu ya usanifu unaoitikia upana wa kioo, akipendekeza maandishi yale yale yajipange kwa kila kifaa, faida yake kubwa kwa wasomaji hawa ilikuwa kukoma kuhesabiwa kuwa wasomaji wa daraja la pili.

Pendekezo la Lie la 1994 lilikuwa na wazo ambalo karibu limesahaulika. Kila agizo la sura liliweza kubeba asilimia, kiwango cha usemi ambacho mwandishi au msomaji aliomba, na kivinjari kingepima kati ya wawili hao. Asilimia hazikudumu, lakini ugomvi uliozizaa ulidumu. Katika CSS ya kwanza, agizo lililotiwa mkazo na mwandishi lilishinda agizo la msomaji. Toleo la pili, la 1998, liliupindua mzani, na mkazo wa msomaji ukawa wa mwisho, kwa sababu anayehitaji herufi kubwa au rangi zinazotofautiana anajua haja yake kuliko msanifu asiyemwona. Vivinjari vingi vimekiacha chumba hicho kijae vumbi, lakini roho yake imerudi kwa njia nyingine: kifaa huuambia ukurasa kwamba mwenyewe anapenda usuli mweusi, au kwamba michoro inayotembea inamuumiza, na kiolezo kinachosikiliza hubadilika. Huko ni kubadili sura kwa agizo la aliye mbele ya kioo, na hapo ndipo ufundi huu unapofikia heshima yake kamili.

Lakini mazoea yana taabu, atasema mpinzani wa pili. Msomaji ukimwachia achague hatataka lolote libadilike, na tovuti zitabaki na sura za mwaka arobaini na saba. Wikipedia ni mahali pazuri pa kuipima kauli hii, kwa kuwa programu yake hutenganisha makala na sura kiasi kwamba maneno machache yakiongezwa mwishoni mwa anwani yanatosha kuivalisha makala ile ile vazi la 2004, la 2010 au la 2022. Januari 2023, Wikipedia ya Kiingereza ilipoifanya sura ya 2022 kuwa ya kawaida, ikiwa na safu nyembamba zaidi ya maandishi na orodha ya yaliyomo ikihamia pembeni, wahariri wengi walipinga vikali. Waanzilishi wa mabadiliko walikuwa na sababu, kwani mstari mrefu kupita kiasi huchosha jicho linalotafuta mwanzo wa unaofuata. Wapinzani nao walikuwa na yao: mkono uliozoea kitufe mahali fulani una ujuzi wake. Kilichouzuia ugomvi usiwe mpasuko ni kwamba aliyejiandikisha aliweza kurudi kwenye sura ya zamani, na makala hazikupungukiwa na kitu. Kipya kinyemi kingawa kidonda, na cha zamani nacho hupendwa hata kinapouma. Utenganisho ulizipa nafasi tabia zote mbili bila kuigawa kamusi elezo mara mbili. Mazoea, kwa hiyo, yanataka mambo mawili: sura isibadilike msomaji akiwa katikati ya kazi, na uchaguzi wake ukumbukwe.

Liko jambo la kutisha zaidi ya mazoea. Programu inayoweza kumpa kila mtu sura yake inaweza pia kumpa kila mtu mlango wake. Kitufe cha kukubali kikaangaza na cha kukataa kikafifia. Kiungo cha kusitisha malipo kikawepo kwenye kiolezo cha kompyuta na kikakosekana kwenye kile cha simu. Ada ya ziada ikateremshwa chini ya ukingo ambao vidole vingi havifiki. Kila badiliko kama hilo hutetewa kwa jina la mpangilio, na aliyelifanya husema hakugusa neno. Kanuni iliyojengwa hapa inamnyima utetezi huo. Njia ya kutoka ni yaliyomo, bei ni yaliyomo, na uzito wa kukataa sawa na uzito wa kukubali ni yaliyomo pia, kwa kuwa vikibadilika, kauli kwa msomaji imebadilika. Kiolezo kina haki ya kuvisogeza. Hakina haki ya kuvinyima sauti.

Amebaki mpinzani mmoja, mtu wa hesabu. Kila kiolezo kinachoongezwa, atasema, ni ukurasa mwingine wa kupimwa kwenye kila kioo, na programu yenye violezo vitano ambavyo hakuna aliyeviomba ni mzigo wa kujitakia. Yuko sahihi, na hoja hii haimpingi. Haimtaki mjenzi awe na violezo vingi; inamtaka awe na ukurasa unaoweza kuvistahimili. Gharama ya kuvitaja vitu kwa kazi zake hulipwa mara moja, na hulipwa hata kama kiolezo cha pili hakitakuja kamwe, kwa sababu vitu vilivyotajwa hivyo husomeka kwa sauti, hufika kwenye simu ndogo, hupatikana na anayetafuta, na humrahisishia kazi mrithi wa msimbo. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani: mjenzi atazunguka zana zote za kubadili sura, na mwisho atarudi kwenye swali la vitu alivyonavyo na majina aliyovipa.

Tangu 2006 kuna wajenzi wa tovuti wanaoadhimisha siku moja ya Aprili kwa kuzima faili zote za mitindo, na kuziacha kurasa zao mbele ya umma zikiwa na maandishi, vichwa vya habari na viungo tu. Wengine huliona kuwa mzaha, lakini zoezi hilo linafaa kufanywa faraghani na yeyote anayetaka kuanzisha kiolezo cha pili katika programu yake. Azime cha kwanza. Asome kilichobaki kuanzia juu hadi chini, ajaze fomu yake, atafute bei, atafute pa kukataa na pa kutokea. Akivipata vyote, kwa mfuatano unaoeleweka, anaweza kuwapa wasomaji sura mbili au ishirini na kuwaacha wachague. Asipovipata, kasoro imo ndani ya ukurasa, na kiolezo kipya kitaihamisha tu kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine.